Chumba chenye vituko kisigeuke stoo: vitu vya kizamani na wabunifu chipukizi

SWALI: Napenda vyumba vyenye vitu vya kizamani vyenye vituko: taa ya ajabu, kiti kisicho na pacha, karatasi ya ukutani yenye ndege wakubwa. Tatizo, kila nikijaribu mwenyewe sebule inaishia kufanana na stoo. Kabati kuukuu la mahogani nimelipaka rangi nyeupe mara tatu na bado madoa ya manjano yanajitokeza. Nitajuaje kitu ni cha zamani kweli au kimezeeshwa? Halafu, nimeona mtandaoni kiti cha mbunifu asiyejulikana, picha yake imenikaa rohoni, ila naogopa kutuma hela. Wabunifu kama hao wanapatikana wapi?

JIBU: Sebule kwanza, kwa kuwa ndiyo inayomeza fedha. Wingi wa vitu peke yake hauifanyi stoo. Vipo vyumba vilivyosheheni mpaka darini na bado ukiingia unataka kukaa. Stoo ni mahali ambapo kila kitu kimewekwa pale kilipopata nafasi. Ukiwa na taa ya ajabu, kiti cha ajabu na karatasi ya ajabu, na vyote vitatu vinaonekana kwa mtazamo mmoja, jicho linakosa pa kutua, na mgeni ataona mrundikano hata kama vitu vyenyewe ni vitatu tu.

Jipime hivi. Simama mlangoni, piga picha kwa simu, iondoe rangi ibaki nyeusi na nyeupe, kisha ipunguze mpaka iwe ndogo kama stempu. Kitu unachokiona kwanza ndicho kinachotawala chumba. Kikiwa kimoja, vizuri. Vikiwa vitatu vinavyogombana, viwili vihamishie mahali ambapo ukisimama mlangoni huvioni: ukuta wa upande uleule wa mlango, kona ya nyuma, korido. Kituko kimoja kwa kila mtazamo. Hiyo ndiyo kanuni ya kuishika hata ukizitupa nyingine zote.

Kituko chenyewe kipe nafasi ya kupumua. Acha ukuta mtupu usiopungua nusu ya upana wake kila upande. Kabati la sm 90 lipate sm 45 kushoto na sm 45 kulia. Kisha chukua rangi moja kutoka kwake, ya pili au ya tatu kwa wingi, uirudie mahali pengine pawili kwa kimo tofauti. Tuseme kiti ni cha kijani na mishono yake ni ya rangi ya kutu. Rudia kutu: mto mmoja chini, fremu moja juu. Ukirudia kijani, utapata seti ya dukani, na ulichokuwa unakikimbia ndicho hicho.

Kwenye mbao watu hulinganisha aina, wakati jicho hulinganisha mwelekeo wa rangi. Mahogani na cheri zina wekundu, kwa hiyo huelewana hata zikiwa na umri tofauti. Mwaloni uliokauka ukawa wa kijivujivu, ukiubana katikati yao, utaonekana mchafu tu. Usiupake kitu. Weka zulia au kitambaa kati yake na hao wenzake, au uhamie karibu na chuma na kioo.

Viti visivyofanana kuzunguka meza moja ni kituko rahisi kuliko vyote, na ndicho kinachoharibiwa zaidi. Umbo linaweza kutofautiana utakavyo, kimo cha kukalia hakiwezi. Meza nyingi za kulia zina kimo cha sm 74 hadi 75, na viti vyake sm 45 hivi kutoka sakafuni, kwa hiyo magoti na mapaja yanapata karibu sm 30. Nenda kununua na futi mfukoni, ukatae kiti kinachozidi au kupungua kwa zaidi ya sm 2. Viti vya kale vya sebuleni mara nyingi huwa vifupi, sm 40 au chini ya hapo. Ukikiweka mezani, anayekikalia anakula kidevu kikiwa karibu na sahani. Kwa chenye mikono, pima pia kimo cha mikono: ikigonga ubao unaozunguka chini ya meza, kiti hakitaingia kamwe.

Karatasi ya ndege wakubwa nayo ina hesabu yake, na hapo ndipo watu hujikuta wamepungukiwa roli moja wakati roli za fungu lile zimekwisha. Roli iliyozoeleka ina upana wa sm 53 na urefu wa m 10.05. Ukuta wako uwe na upana wa m 4 na kimo cha m 2.4. Gawa sm 400 kwa 53: ni vipande 7 na ushee, yaani 8. Kila kipande ongeza sm 10 za kukata juu na chini, kiwe m 2.5. Karatasi isiyo na picha itatoa vipande 4 kwa roli, kwa hiyo roli 2 zinatosha. Ndege wakubwa sasa: picha inajirudia, tuseme, kila sm 64. Kila kipande lazima kiwe na marudio kamili ili ndege wa huku akutane na bawa lake la kule, na marudio 4 ni m 2.56. Hizo sm 6 tu zimekula kipande kizima. Roli moja sasa inatoa vipande 3, na unahitaji roli 3. Nunua ya nne kama akiba, zote ziwe na namba moja ya fungu la uchapaji, maana mafungu hutofautiana rangi kidogo na tofauti huonekana pale karatasi zikishakauka ukutani.

Anza kubandika katikati ya ukuta, si konani, na uamue kabla ya kukata ndege wa juu atakatwa wapi na dari. Shingo ikikatwa, kila anayeketi ataiona. Kipande cha kwanza kipimwe kwa timazi, usiamini kona. Kona chache sana zimenyooka.

Taa nitaipitia haraka. Taa ya kuning'inia juu ya meza ikae sm 70 hadi 80 kutoka uso wa meza. Balbu iwe ya 2700K, yaani ya mwanga wa manjano tulivu, na kiwango chake cha kuonyesha rangi kiwe 90 au zaidi, la sivyo mbao nyekundu itaonekana kama udongo. Taa ya kale yenye waya uliofunikwa kitambaa usiiwashe kabla fundi umeme hajaifungua. Chini ya kile kitambaa mara nyingi kuna mpira ambao umekauka na kupasuka, na waya wenyewe uko wazi. Kama mwili wa taa ni wa chuma, waya mpya uwe na nyuzi tatu, ya tatu ikiwa ya ethi iliyofungwa kwenye chuma chenyewe.

Kabati linalotoa madoa

Hapa kosa si lako wala si la mkono wako. Mahogani, kama mwaloni, ina tanini, kemikali ya asili inayotia rangi. Rangi ya maji inapolowesha mbao, tanini inayeyuka, inapanda na yale maji hadi juu, maji yanakauka na yenyewe inabaki pale kama doa la manjano au kahawia. Koti ya pili inaileta tena. Ungepaka hata koti kumi, ungekuwa unaimwagilia tu.

Kinachoizuia ni praima (rangi ya kutangulizia) ya shelaki, aina ya vanishi ya asili, kwa sababu inayeyushwa kwa spiriti na si kwa maji, kwa hiyo haiivuti tanini kutoka kwenye mbao. Fanya hivi. Acha rangi iliyopo ikauke kabisa, wiki moja si nyingi. Ikwaruze kwa ukucha sehemu ya nyuma: ikibanduka kama ngozi, ondoa yote; iking'ang'ania, ibaki. Osha kabati kwa maji ya sabuni kidogo uondoe nta na mafuta ya mikono, hasa kuzunguka vishikio, halafu lifute na liache likauke. Piga msasa namba 180 hadi 220, mwepesi, kuua mng'ao tu. Futa vumbi. Paka koti mbili nyembamba za praima, ya pili baada ya saa moja hivi, dirisha likiwa wazi na pasiwe na moto karibu, maana mvuke wa spiriti unashika moto. Ngoja usiku mmoja. Doa likionekana kupenya praima, ongeza koti ya tatu hapohapo penye doa. Baada ya hapo rangi ya maji haina shida.

Kiasi: kabati la upana wa sm 90, kina sm 45 na kimo sm 120 lina eneo la nje la karibu m² 2.6 ukihesabu mbele, pande mbili na juu. Koti mbili ni m² 5.2. Lita moja ya rangi hufunika m² 10 hadi 12, kwa hiyo nusu lita ya rangi na nusu lita ya praima zinatosha kwa kubana; nunua zaidi kidogo upate za kurekebishia. Brashi ya praima ioshwe kwa spiriti. Kwa maji itakauka iwe ngumu kama fimbo.

Kama kabati lilikuwa na rangi nyingine ya miaka mingi chini ya hiyo yako, usipige msasa mkavu. Rangi za nyumbani zilikuwa na risasi kwa miongo mingi (Marekani ilizipiga marufuku majumbani mwaka 1978), na vumbi lake ni sumu, hasa kwa watoto. Tumia msasa wa maji, futa kwa kitambaa kilicholowa, na ukitupe.

Na swali ambalo hukuliuliza: ni lazima lipakwe? Chovya pamba kwenye spiriti, igusishe mahali pasipoonekana. Vanishi ikilainika na kunata, ni shelaki, na shelaki haihitaji kuvuliwa: inafufuliwa kwa kupaka nyingine nyembamba juu yake, kwa kuwa mpya huyeyusha ya zamani na kushikana nayo. Kama pamba haifanyi kitu, una vanishi ya kisasa zaidi. Kwa lako tumeshachelewa, lakini kwa lijalo pima kwanza.

Usikose pia kutazama kama uso ni vinia, ile tabaka nyembamba ya mbao nzuri iliyogandishwa juu ya mbao ya kawaida. Za viwanda vya kisasa hazifiki milimita moja. Nyingi ni mm 0.6 hivi. Mashine ya msasa inaipenya kwa sekunde chache, na ukishaona alama ya mbao ya chini, hakuna kurudi nyuma. Vinia iliyoinuka pembeni hurudishwa kwa gundi nyeupe ya mbao iliyosukumwa ndani kwa kisu chembamba, ikafunikwa karatasi ya nailoni, ikabanwa kwa ubao na klempu usiku kucha. Watu husahau ile nailoni, na asubuhi ubao na kabati vimekuwa kitu kimoja.

Cha kale au kimezeeshwa?

Mbele ya kabati hudanganya. Chomoa droo uipindue.

Kwanza angalia kona ambapo ubao wa mbele unakutana na wa pembeni. Droo nzuri huunganishwa kwa meno yanayoumana, mapana nchani na membamba shinani ili yasichomoke. Yaliyokatwa kwa mkono hayalingani: moja nene, jingine jembamba, na mara nyingi kuna mstari wa fundi uliochorwa kuonyesha kina cha kukata. Yakilingana kama ya kitana, ni mashine. Mashine haimaanishi kitu ni kibovu wala kipya sana, inamaanisha tu kwamba anayekuuzia kama kazi ya mkono ya karne ya 18 anakuuzia hadithi.

Pili, skrubu. Za bisibisi nyota zilianza kuenea miaka ya 1930, kwa hiyo ukizikuta kwenye kitu kinachodaiwa kuwa cha 1890, ama zimebadilishwa ama kitu si cha 1890. Amua kwa kuichomoa moja: kama tundu lina alama ya skrubu nyingine nene au nyembamba, ilibadilishwa. Ubao wa chenga za mbao zilizogandishwa kwa gundi ulianza kutumika miaka ya 1940, na MDF, ubao wa nyuzi laini za mbao zilizoshindiliwa kwa gundi, ikaanza kutengenezwa kibiashara miaka ya 1960. Tazama mgongo wa kabati na chini ya droo, huko ndiko wazeeshaji huweka akiba.

Tatu, uchakavu ukae panapoguswa. Chini ya droo, kingo mbili zinazoteleza huliwa zikawa na mtelezo. Kiti huisha miguu ya nyuma, kingo za mbele za mikono, na kile kijiti cha chini ambapo watu huweka visigino. Kitu kilichopigwa kwa mnyororo ili kionekane cha kale huwa na majeraha kila mahali kwa usawa, hata nyuma ya mguu wa nyuma ambako hakuna kiatu kilichowahi kufika.

Nne, meza ya duara ya mbao halisi. Mbao hunywea kwa kukatiza nyuzi zake na karibu hainywei kwa urefu. Pima kipenyo kwa kufuata nyuzi, kisha kwa kuzikatiza. Meza ya kale ya kipenyo cha m 1 hutofautiana kwa milimita kadhaa. Duara kamilifu lenye sura ya miaka 150 linatia shaka.

Kuna umri wa mchoro na umri wa kitu, navyo huchanganywa makusudi. Kiti namba 14 cha Thonet, watengenezaji maarufu wa samani, kilibuniwa mwaka 1859: vipande sita vya mbao, skrubu kumi na nati mbili, mbao ikikunjwa kwa mvuke. Mchoro huo bado unazalishwa. "Kiti cha 1859" kwenye tangazo kinaweza kuwa kimetoka kiwandani majuzi, na muuzaji hajasema uongo wowote.

Kabla ya kuingiza chochote ndani, tazama matundu ya wadudu watoboa mbao, ya mm 1 hadi 2. Tundu la zamani lina kingo nyeusi. Jipya lina kingo nyeupe na unga kama chumvi chini yake. Weka karatasi nyeusi chini ya kiti kwa wiki mbili. Ikiwa na unga, wadudu wako kazini. Kupaka rangi juu hakuwaui, kwa sababu funza hukaa ndani miaka kadhaa kabla ya kutoboa kutoka. Kitu kidogo kifunge vizuri kwenye nailoni, kikae kwenye friza la nyuzi 20 chini ya sifuri kwa wiki mbili. Kikubwa, mwite mtu wa dawa.

Sponji za viti vya kizamani zichukuliwe zimekufa. Ukibonyeza na unga wa manjano ukadondoka, ni za kutupa. Weka mpya ya msongamano usiopungua kilo 35 kwa mita ya ujazo, unene wa sm 10 kwa kiti cha sebuleni. Laini kuliko hiyo itabonyea ndani ya mwaka. Kitambaa kiulizie kipimo cha Martindale, yaani mizunguko ya kusuguliwa kabla hakijachakaa: kwa kochi linalokaliwa kila siku, 25,000 na zaidi. Kitambaa kizuri cha kale chenye picha ya vituko mara nyingi hakifiki hapo. Kiweke kwenye mgongo wa kiti, na pa kukalia paweke kingine cha rangi moja.

Chipukizi

Sasa wabunifu. Utakutana na makundi matatu: wanaonakili cha kale, wanaovalisha kitu cha kawaida nguo za kizamani, na wanaochukua wazo la kale wakalifanyia jambo. Wa tatu ndio wa kuwafuatilia, na hutambulika kwa kuwa kituko chao kinatoka kwenye jinsi kitu kilivyoundwa.

Mfano wa kufundishia macho ni kabati la Tejo Remy la 1991, lililotoka na Droog, kundi la wabunifu la Uholanzi. Alikusanya droo kuukuu zisizofanana, kila moja akaitengenezea kasha jipya la mbao la kuiingia sawasawa, akazirundika ovyoovyo kisha akazifunga zote kwa mkanda mmoja. Ukitoa mkanda, hakuna kabati. Kituko na muundo ni kitu kilekile. Mwaka 2002 Maarten Baas, akihitimu Design Academy Eindhoven, chuo cha ubunifu cha Uholanzi, alichoma samani kwa moto mpaka zikawa makaa, akazifunika kwa resini ngumu ili zikalike. Martino Gamper alikusanya viti vilivyotupwa, akavikata na kuviunganisha upya, viti 100 kwa siku 100, na akavionyesha London mwaka 2007. Wote watatu walianza na vitu kuukuu ambavyo watu wengine walikuwa wamevitupa au kuvichoka.

Linganisha na wimbi la vitu vya kuiga Memphis, lile kundi la Ettore Sottsass lililofanya onyesho lake la kwanza Milan, Septemba 1981. Ujasiri wao ulikuwa kuchukua fomeka, malighafi ya makaunta, na kuivisha samani za sebuleni za heshima. Leo wengi wanachukua ule mchoro wa viminyoo tu, wanauchapa kwenye mto, basi. Haina ubaya kama mto. Usiulipie kama ubunifu.

Pa kuwapata ni pale wanapoonyesha kabla maduka hayajawachukua. SaloneSatellite iko ndani ya maonyesho ya samani ya Milan. Ilianzishwa na Marva Griffin mwaka 1998 kwa wabunifu walio chini ya miaka 35. Oki Sato wa nendo, studio ya ubunifu ya Japani, alionyesha pale mwaka 2003, kabla jina lake halijazunguka dunia. Eindhoven, kila Oktoba, wakati wa Dutch Design Week, chuo kilekile cha Baas huonyesha kazi za wahitimu. London kuna New Designers, iliyoanza mwaka 1985, ambako wahitimu wa vyuo vingi vya Uingereza huonyesha kiangazi, na utapata vitambaa, karatasi za ukutani na vyombo vya udongo, si samani peke yake. Kama unatafuta ndege wa ukutani, pita huko kwanza.

Huhitaji kusafiri. Maonyesho haya hutangaza orodha ya washiriki na picha za kazi. Chukua orodha ya mwaka mmoja, chagua majina kumi yaliyokugusa, uyaandike mahali, uyatazame tena baada ya mwaka. Watakaokuwa bado wanatengeneza, na kazi ya pili inaonyesha wamejifunza kitu kwenye ya kwanza, watakuwa watatu au wanne. Hao ndio wako. Kwenye tuzo, ningependa zaidi orodha ya walioteuliwa kuliko ya washindi: washindi bei yao hupanda wiki ileile, na kamati hupenda kitu kinachopiga picha vizuri.

Njia nyingine isiyotumiwa vya kutosha ni kusoma majina madogo chini ya picha za vyumba. Mpambaji hutajwa juu, lakini chini kabisa wametajwa aliyetengeneza taa, aliyefuma zulia, aliyechapa karatasi. Picha isiyo na majina, itafute kwa picha yenyewe kwenye intaneti mpaka uifikie ile ya kwanza kabisa. Mara nyingi utagundua "mbunifu" unayemfuata ni mtu anayesambaza kazi za wengine.

Kiti chako

Picha inaweza kuwa ya kiti kilichopo, mchoro wa kompyuta wa kiti kinachoweza kutengenezwa, au kazi ya akili mnemba ya kiti kisichowezekana kabisa. Ikuze. Hesabu miguu, ufuate kila mguu mpaka pale unapoungana na kikalio: kama unayeyukia kwenye kitambaa bila kiungo, hakuna fundi aliyewahi kukishika. Nyuzi za mbao kwenye mkono uliopinda zitazame pia. Kama zinafuata mpindo wote bila kukatika, mbao ilikunjwa au imegandishwa kwa tabaka. Kama zinakatiza mpindo, ilichongwa kutoka ubao mnene, na pale zinapokatiza ndipo patavunjika.

Mwandikie mbunifu, kwa adabu na kwa ufupi. Omba picha ya upande wa chini wa kiti. Omba picha ya karibu ya kiungo kimoja. Omba video fupi ya mtu mzima akikaa na kuegemea nyuma. Uliza kimo cha kikalio, uzito wa kiti, aina ya mbao, kilichopakwa juu yake, vimetengenezwa vingapi, na nani atakitengeneza kikilegea. Mtu aliyekitengeneza hujibu maswali haya kwa furaha, mara nyingi kwa maneno mengi kuliko ulivyotaka. Anayejibu kwa picha ileile tena, muache.

Kama atakutengenezea kipya, mkubaliane kwa maandishi: mchoro wenye vipimo, sampuli ya mbao na kitambaa mkononi mwako kabla ya kuanza, nusu ya malipo mwanzoni na nusu baada ya kuona picha za kiti kilichokamilika kabla hakijafungwa. Lipa kwa njia inayoruhusu kurejeshewa fedha. Kazi ya mkono kuchukua wiki 6 hadi 12 ni kawaida; anayeahidi siku tano ana stoo ya viti tayari. Kama ni toleo la idadi maalumu, namba na sahihi viwe kwenye kiti chenyewe, chini, si kwenye karatasi pekee. Pima mlango wako na kona ya ngazi, na kwenye vipimo vya kiti ongeza sm 10 kila upande kwa ajili ya kifungashio.

Bei ikikuzidi, usimbane bei kama unavyombana mchuuzi. Yuko peke yake na ameshajipunja. Uliza kama ana kilichokwenda maonyesho, chenye kasoro ndogo, au kile cha majaribio. Cha majaribio huwa na matundu ya skrubu zilizohamishwa na kiungo kilichorudiwa, na kwa mpenda vituko hayo si hasara.

Akikujibu kwamba kipo kimoja tu, kimerudi kutoka maonyeshoni, na mguu mmoja umewahi kugundishwa, hilo ni jibu la mtu mkweli. Muulize aliweka kipini cha mbao ndani ya ule mvunjiko au gundi tupu. Kama kuna kipini cha mm 8 au 10 kilichoingia sm 3 kila upande, kalia. Kama ni gundi tupu, mwombe akitie kabla hajakifunga.